Nilisema "hawakumtaka" mbele ya jeneza, sasa baba mkwe hataki kunisikia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Muheza, na riziki yangu ni kutembeza wageni katika msitu wa Amani: ndege, vipepeo, miti ya dawa. Kiingereza nilikianza shuleni nikakinoa njiani na wageni, na hapa mtaani akitokea mzungu mwenye neno la kuwaambia watu, huitwa mimi.

Wiki tatu zilizopita alifariki babu wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu, mtu wa watu. Kwenye mazishi alikuwepo mzee mmoja Mwingereza, umri themanini na ushee, waliofundisha naye shule moja miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Bahati alikuwa Arusha kwa mjukuu wake, akapanda basi kuja kumzika rafiki yake. Wafiwa wakaomba aseme neno. Mimi nikapewa kipaza sauti cha pili.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Alieleza walivyokuwa wakichangia baiskeli moja watu wawili, mmoja akipanda asubuhi, mwingine jioni, na watu wakacheka kile kicheko cha msibani. Kisha akafika kwenye familia. Maneno yake ninayo kichwani hadi leo: "His children never wanted. Never." Bila kusita nikasema: "Watoto wake hawakumtaka. Hawakumtaka kamwe."

Shangazi, turubai zima lilinyamaza. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria kule walikokuwa wanapika. Mzee wa watu alidhani maneno yake yamewagusa, akainamisha kichwa naye akanyamaza. Mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye ndiye baba wa mchumba wangu, akasimama, akavaa kofia yake, akatoka.

Lazima nikueleze kwamba yeye na marehemu walikaa karibu miaka minne hawasemeshani kwa sababu ya shamba la michungwa. Walipatana marehemu akiwa tayari kitandani. Mji mzima unajua. Kwa hiyo walichosikia watu ni mkwe mtarajiwa anamsuta baba mkwe mbele ya jeneza, kwa kipaza sauti, tena mara mbili.

Mgeni alimalizia kwa Zaburi ya 23. Hiyo sikupata nayo shida, naijua kwa moyo tangu utotoni: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Lakini nani alikuwa ananisikiliza tena?

Sasa baba mkwe amemtuma mshenga wetu na ujumbe mfupi: "Waje wachukue vyao." Tulishatoa kishika uchumba na nusu ya mahari. Mchumba wangu analia kila nikimpigia. Vijana wa bodaboda pale stendi wamenibandika jina, wananiita "Hawakumtaka". Binamu yangu aliye chuo kikuu anasema kosa ni la mzungu, Kiingereza chake cha kizamani. Niliingiza sentensi ile kwenye programu ya kutafsiri ya simu ikanipa "watoto wake hawakutaka kamwe", nikajiona sina kosa. Tangu darasa la tatu tumefundishwa "want" ni taka, basi.

Naomba unisaidie. Nani amekosea? Nimwendee vipi baba mkwe, na arobaini inakaribia? Na hii kazi ya ukalimani niiache?

Mkalimani aliyenyamaza,
Muheza

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, Mungu anisamehe. Nikairudia nikaona mtu anavaa kofia yake anatoka kwenye mazishi ya baba yake mzazi, kicheko kikaisha.

Nianze na nani amekosea, kwa sababu hilo ndilo linakunyima usingizi. Mgeni hakukosea hata kidogo. Alimsifu marehemu. Alisema watoto wa mzee huyu hawakupungukiwa na kitu: walikula, walivaa, walilipiwa ada. Kwa mwalimu wa mshahara ule wa miaka ile, hiyo ndiyo sifa kubwa anayoweza kupewa na mtu aliyemwona kwa macho. Wewe umekosea, lakini si pale unapodhani, nami nitakuonyesha. Kwanza tulichimbe hili neno, kwa sababu miaka thelathini nimelifundisha na lilinichapa mimi mwenyewe kabla yako.

Kwenye miaka ya themanini mwanafunzi wangu aliandika kwenye insha: "The house wants a roof." Niliikata kwa wino mwekundu. Nikamwandikia pembeni kwamba nyumba haina moyo, haiwezi kutaka kitu. Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja Mwingereza kukagua maktaba, akatazama dari letu lililovimba kwa mvua akasema, taratibu tu, kwamba paa lile "wants mending". Paa lataka kutengenezwa! Nilijisikia joto mpaka masikioni. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mtoto alikuwa ametafsiri Kiswahili safi. Sisi tunasema shamba lataka palizi, mchuzi wataka chumvi, na hakuna anayedhani mchuzi una moyo. Mchuzi umepungukiwa chumvi, ndiyo maana unaitaka.

Hapo ndipo neno hili lilipozaliwa. "Want" si la Waingereza kwa asili, ni la wageni wao. Waviking kutoka Denmaki na Norwe walianza kwa uporaji, monasteri ya kisiwa cha Lindisfarne waliivamia mwaka 793, na kufikia mwaka 865 lilikuja jeshi zima ambalo halikuja kupora na kuondoka tu. Wengi walibaki, wakalima kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakaoa, wakazaa. Watu wakishakaa kitanda kimoja maneno hayajui mpaka. Kisu cha Kiingereza, "knife", ni cha kwao. Yai, "egg", ni la kwao. Dirisha, "window", kwao lilikuwa jicho la upepo. Hata "they", wao, lile neno dogo ambalo ungedhani hakuna taifa linaloweza kuishi bila kuwa nalo, ni la kuazima.

Katika mzigo huo kulikuwa na kitenzi "vanta". Maana yake kupungukiwa, kutokuwa na kitu. Ndugu yake "vanr" ni pungufu. Kwenye Kiingereza neno linaonekana kama mwaka 1200 hivi, likiwa na maana hiyohiyo ya upungufu, na lilikaa nayo karne kwa karne. Maana ya kutamani inaonekana wazi kwenye maandishi mwanzoni mwa karne ya 18. Hesabu mwenyewe: miaka mia tano neno linasema "sina" kabla halijaanza kusema "nipe".

Huenda unajiuliza hao watu walikuwa wanasemaje nataka kwa miaka yote hiyo. Walitumia "will". Ndiyo, hilohilo ulilofundishwa kuwa ni alama ya wakati ujao. Zamani lilikuwa kitenzi kamili cha kutaka, na Mjerumani mpaka leo akisema "ich will" anataka, hatabiri. Kwa Mwingereza likachakaa polepole: nataka kwenda, nitakwenda, tofauti ikawa nyembamba, mwisho "will" ikabaki kuwa alama tu.

Usimcheke. Na sisi tumefanya vivyo hivyo. Ile "-ta-" ya atakuja, wataalamu wa lugha wanaeleza kuwa ni "taka" iliyokatwa mkia. Ukitaka ushahidi uvute kwenye sentensi yenye kirejeshi, mkia unarudi: mgeni atakayekuja. Hiyo "taka" katikati inafanya nini kama si yeye mwenyewe? Na tukitazama mawingu ya Usambara tunasema mvua inataka kunyesha, na mvua, kama paa la maktaba yangu, haina moyo. Nilipoligundua hili nilikuwa nimekwisha kustaafu. Ningelijua darasani ningewapunguzia watoto viboko vingi.

(Maneno ya kutaka hayatulii, mwanangu. Tamaa kwa Mwarabu ni ulafi. Kwetu ni ulafi pia, lakini ukikata tamaa umepoteza tumaini, hujaacha ulafi. "Lust" ya Waingereza ilikuwa raha na hamu ya kitu chochote, Mjerumani bado analitumia hivyo bila aibu, Mwingereza amelisukumia chumbani. Nisiende huko, gazeti hili linasomwa na watoto.)

Sasa turudi Muheza.

Ulipotafsiri Zaburi ya 23 ulisema "sitapungukiwa na kitu". Unajua mgeni alisema nini hapo kwa Kiingereza? Alisema "I shall not want." Neno lilelile! Dakika chache nyuma ulikuwa umelifanya "hawakumtaka", kisha ukalitafsiri barabara, mbele ya watu walewale, na hukusikia kwamba ni moja. Kichwa chako kilikuwa na jibu, lakini kililiweka kwenye kabati la kanisani na wewe ulikuwa unatafuta kwenye kabati la Amani, la wageni wanaotaka maji, wanaotaka kupiga picha, wanaotaka kujua yule ndege anaitwaje.

Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ni ya mwaka 1611, wakati "want" bado iko kwenye upungufu wake, na imejaa tele. Kwenye harusi ya Kana Kiingereza kinasema "when they wanted wine". Angesimama pale kijana wa Muheza angesema walipoitaka divai, kana kwamba wageni walikuwa walevi wa kugonga meza. Waliotupa Biblia yetu ya Kiswahili waliandika: "Hata divai ilipowatindikia." Tamka tena hilo neno, kutindikiwa. Halisikiki sana siku hizi, lakini lina ladha yote ya mwenye harusi anayechungulia mtungi akaona chini.

Na mfalme Belshaza, yule aliyeona mkono ukiandika ukutani, Kiingereza kinasema amepimwa kwenye mizani akaonekana "wanting". Kwetu: "umepimwa katika mizani nawe umeonekana kuwa umepunguka." Hapo upungufu umeshakuwa hukumu. Wala sisi hatuko mbali, maana kukosa chakula na kufanya kosa tumevilaza kwenye mkeka mmoja.

Binamu yako msomi ana nusu ya haki. Matumizi haya yamezeeka, kijana wa London leo akisema "I want" anataka kitu. Lakini kuzeeka si kukosea. Mgeni wenu kama ana miaka themanini na ushee amezaliwa wakati wa vita kuu ya pili au karibu na hapo. Mwaka 1942, vita ikiendelea, William Beveridge aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti akataja majitu matano ya kupambana nayo nchi itakapotulia. Moja aliliita Want. Maradhi yalikuwemo, ujinga ulikuwemo, na hilo Want lilikuwa ufukara, kukosa cha kuweka mezani. Sisi Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mtoto yeyote wa shule ya Azimio aliwaimba. Basi kwa watu wa rika la mgeni wako, kusema watoto wa fulani "never wanted" si mapambo. Wamekulia kwenye nchi ambayo chakula kilikuwa cha kugawiwa kwa kadi. Wanajua wanachokisema.

Programu ya simu usiilaumu wala usijifiche nyuma yake. Imepita barabara inayopitwa na wengi. Halafu itazame vizuri: ilikupa "hawakutaka". Wewe ulisema "hawakumtaka".

Kosa lako liko hapo, mwanangu, kwenye herufi moja. Hiyo "m" mgeni hakuitamka. Hakuna "him" kwenye sentensi yake. Alisema watoto hawakuwahi "want", akaweka nukta. Sikio lako la Kiswahili likashtuka, kwa sababu sisi mtu hataki hewani, lazima akitake kitu au amtake mtu, basi ukatafuta wa kutakwa ukamkuta amelala ndani ya jeneza, ukamchomeka. Ungesema "watoto wake hawakutaka", watu wangetazamana wakasema mzungu amechoka na safari, wangeendelea na uji wao. Hakuna ambaye angevaa kofia.

Lakini wala sikukaripii sana kwa hilo. Mkalimani ana nusu sekunde. Ninachotaka ukae nacho ni kwamba ule mshtuko wa sikio ndio uliokuwa msaada wako. Kitenzi kinapokuja kimekatika, hakina anayetakwa, hapo ndipo pa kusimama. Ukisikia "want for", ukisikia "in want", ukisikia "wanting" imetua peke yake mwishoni, ni upungufu huo, wala usihangaike. Wana hata msemo wao, "waste not, want not", asiyefuja hatindikiwi, na pale pia hakuna kitu kilichofuata nyuma ya kitenzi.

Baba mkwe, sasa. Hapa weka Kiingereza pembeni.

Usimtumie meseji. Usiende peke yako, wala usimtume binti, yeye ni mtoto wa nyumba ile na atabaki katikati akipigwa na pande zote mbili. Nenda na mshenga na mjomba wako au baba mdogo, jioni, siku isiyo ya gulio, mkiwa mmetanguliza taarifa. Na mkifika, usianze na "baba, mimi nilitafsiri vibaya kwa sababu neno hili lina maana mbili". Atasikia wakili. Anza na alichoumia: alikuja kumzika baba yake, akaondoka kabla ya udongo, na kinywa kilichomwondoa ni chako. Omba radhi kwa hilo, unyamaze. Akae nalo. Akitukana, mjomba apokee. Wazee wa Tanga wana maneno ya kukata lakini hawana haraka, mpe nafasi ayamalize.

Baadaye, akiuliza, na atauliza, ndipo umweleze. Wala hutahitaji Waviking wangu. Mwombe yeye mwenyewe ataje mstari wa kwanza wa Zaburi ya 23, hakuna mkristo wa Muheza asiyeujua. Akifika "sitapungukiwa na kitu", mwambie: baba, hilo ndilo neno mgeni alilolisema juu yenu. Alisema marehemu hakuwapungukia. Mimi nikalipindua.

Nitakwambia jambo ambalo silazimiki kukwambia. Sidhani mzee yule aliondoka kwa sababu ya Kiingereza chako. Watu wengine wote chini ya turubai walisikia sentensi hiyohiyo, na ndugu zake pia ni watoto wa marehemu, hukusema kama kuna mwingine aliyeinuka. Aliyetoka ni yule ambaye neno lilimkuta na kidonda. Miaka minne ya shamba la michungwa, kupatana kitandani, hilo ni lake na baba yake. Ukienda pale usiliguse. Ukimwambia "najua uliumia kwa sababu ya shamba", umemsuta mara ya tatu.

Kuhusu "waje wachukue vyao": kuna mtu ameshaitoa hiyo mahari nje ya nyumba? Kuna siku imetajwa? Mwulize mshenga, kazi yake ni kujua. Kwa ninavyojua mimi, mwenye nia ya kuvunja uchumba hukaa na ndugu zake kwanza, hatumi maneno matatu kwa hasira. Mpaka atakapokaa nao, wewe ni mkwe uliyenuniwa tu.

Halafu kuna yule mgeni. Kwa jinsi ulivyoeleza, aliinamisha kichwa akidhani watu wameguswa. Maana yake hajui hadi leo kilichotokea, na ni rafiki wa marehemu tangu baiskeli moja. Anastahili kujua. Tafuta namba ya mjukuu wake wa Arusha, mweleze kwa adabu, na umwombe aandike mistari michache kwa ajili ya arobaini, kuhusu rafiki yake na watoto wake: walikula nini miaka ile, nani alikuwa wa kwanza kwenda sekondari, ada ilipatikanaje. Huyo aliwaona wakiwa wadogo. Pengine anamkumbuka hata baba mkwe wako akiwa kijana wa kaptula, na hilo linaweza kufanya kazi ambayo mimi na wewe na mshenga hatuiwezi.

Wewe itafsiri hiyo barua nyumbani, taratibu, kwa karatasi, mwonyeshe mtu mmoja anayejua kabla haijatoka. Lakini siku ya arobaini asome mtu mwingine. Usishike kipaza sauti siku hiyo hata wakikubembeleza. Ile sentensi iwemo, maana ndiyo inayodaiwa, na iwe hivi: "Watoto wake hawakupungukiwa na kitu." Kama aliyetafsiri ana ujasiri wa kuandika "hawakutindikiwa", wazee watalifurahia, ila vijana wa bodaboda watakupa jina jingine.

Ukalimani usiache. Mji wenu una wangapi wa kusimama na kipaza sauti cha pili? Ila badilisha utaratibu. Kabla mgeni hajasimama, mvute pembeni dakika kumi mwambie akupe kwa ufupi anachokwenda kusema. Hasa wazee, hasa msibani, hasa makanisani, kwa sababu hapo ndipo Kiingereza cha kabatini kinapotolewa na nondo zake. Na ukiwa juu na neno limekukwama, geuka umwulize. "Una maana gani, mzee?" Watu watasubiri. Wanamsubiri fundi anayepiga spika ngumi kila dakika tano, watashindwa kukusubiri wewe?

La mwisho, kabla hujashika simu kumwandikia huyo mzee. Najua vidole vyako vya Amani vitakavyoanza: "I want you to write..." Kwa mtu wa umri wake hiyo ni amri. Andika "would you", kwa upole. Lile neno jingine lipumzike kwanza, wiki tatu hizi limefanya kazi ya kutosha.

Shangazi